Mfereji Usio na Mtu

Kianjai,
12 Januari 2025

Mwana wa mama, Mugendi,

Muga, nakusalimu kwa salamu ya kwetu. Kama umeketi, endelea kuketi. Kama umesimama na simu sikioni, iweke mezani unisome vizuri. Huku tuko sawa. Ng'ombe amezaa ndama wa kike, mbaazi zimekubali, mahindi yamekataa kabisa. Goti langu linasumbua nikipanda mlima, lakini nikiteremka halina neno. Kanisani wamenunua kinanda na hakuna anayejua kukicheza, kwa hivyo tunaimba huku kinatuangalia.

Utashangaa kwa nini naandika barua siku hizi za simu. Ni wewe umenifikisha hapa. Kila nikikupigia uko mkutanoni, au mtandao umepotea, au utanipigia jioni, na hiyo jioni haijawahi kufika. Barua haiwezi kuniambia iko mkutanoni. Tumia sanduku la posta la kanisa. Mwinjilisti hulifungua akipita, na yeye hapiti kila siku, kwa hivyo tutajifunza kungoja.

Sasa neno lenyewe. Wamenichagua mwenyekiti wa mradi wa maji. Usinipongeze. Mgao wa kila boma ni uleule uliowekwa na kina baba bomba lilipofika mara ya kwanza, na mambo yamebadilika. Kuna boma limejaa watu mpaka jikoni, na kuna boma la mzee na paka wake, na yote yanapata maji sawa. Kila mkutano tunagombania kiwango. Beverlyne, yule mjane wa mwisho wa bomba, ana watoto mapacha na anachota mtoni. Na kila mkutano lazima mtu ataje mfereji wako, ule wa bomba na koki baba aliousimamisha kwenye kiwanja chako ili ukija kujenga ukute maji. Wanasema mfereji usio na mtu ung'olewe. Nimekataa.

Wananiuliza pia unafanya kazi gani huko Embu. Mzee Muthamia, mweka hazina wetu, amewaambia unachapisha pesa kwenye kompyuta. Nikamwambia ungekuwa unachapisha, paa langu lisingevuja. Niambie basi niwajibu nini. Na uniambie unakuja lini, kwa sababu tangu tumzike mama hujalala hapa.

Dada yako,
Ciakuthii


Embu,
9 Februari 2025

Mpendwa dada Ciakuthii,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta, halafu nikaketi kwenye ngazi nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi huku ni kali, na vidole vina madoa ya chai ambayo hayatoki hata kwa sabuni ya kipande. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mpe jina zuri.

Mwambie Mzee Muthamia sichapishi chochote. Kuna mtandao wa kutumiana sarafu usio na benki wala makao makuu. Kompyuta za watu wa kawaida, kila pembe ya dunia, ndizo zinazohifadhi kumbukumbu ya nani amemtumia nani. Kila baada ya muda mfupi malipo mapya yanafungwa pamoja fungu moja, nasi tunaliita bloku. Hiyo bloku ina kikomo cha malipo inayoweza kubeba. Kikomo kikiwa kidogo, watu wanapanga foleni na mwenye uwezo anapita mbele. Kikiwa kikubwa mno, kompyuta ndogo kama yangu zinashindwa kubeba mzigo, zinajitoa, na mtandao unabaki mikononi mwa wenye mashine kubwa. Tumegombania kiwango hicho miaka mingi. Nina marafiki ambao hawasalimiani kwa sababu yake.

Kwa hivyo sasa tumeamua kikomo kijirekebishe chenyewe. Bloku za karibuni zikiwa zimejaa zaidi ya nusu, kikomo kinapanda kidogo sana. Zikiwa tupu, kinashuka kidogo sana. Haombwi mwenyekiti, hapigi mtu kura. Kinakwenda polepole makusudi, ili msongamano wa siku moja usikivuruge, na aliyeondoka kwa muda akirudi asikute mlango umefungwa. Na kuna kiwango cha chini ambacho hakishuki hapo hata kukiwa kimya kabisa. Mimi ni mmoja wa wanaoandika na kujaribu hiyo sehemu ya programu. Itaanza kutumika Mei, kwa hivyo Pasaka sitaweza kuja. Baada ya hapo nitakuja.

Asante kwa kunisimamia kwa habari ya mfereji.

Ndugu yako,
Mugendi


Kianjai,
16 Machi 2025

Mugendi,

Ndama tumemwita Bloku. Usicheke, ni Mutegi fundi wa maji aliyempa jina baada ya mimi kusoma barua yako mkutanoni. Naam, niliisoma. Nimefanya jambo na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Niliwaambia ndugu yangu na wenzake duniani wamechoka kugombana, wakatafuta njia, na njia hiyo inaweza kutufaa. Kila Jumamosi Mutegi asome mita. Boma lililotumia zaidi ya nusu ya mgao wake liongezewe kidogo wiki inayofuata, na lililotumia chini ya hapo lipunguziwe kidogo. Mzee Muthamia akauliza kama hizo kompyuta nazo zitataka kunywa. Wakacheka, na wakishacheka watu wa hapa wamekubali nusu. Kwa sababu tangi letu halinenepi, tukasema nyongeza itoke tu kwa kilichopunguzwa kwingine. Beverlyne ndiye wa kwanza kwenye foleni ya nyongeza. Tunaanza Aprili.

Palibaki neno la kiwango cha chini. Nilisema kila mfereji uachiwe kiasi kisichoguswa. Wakasema hapana, hicho ni cha boma lenye moshi. Mahali ambapo hakuna anayewasha moto, mgao ushuke mpaka uishe. Nilijua ni wako wanausema, na kila mtu alijua. Nilitaka kubisha, lakini mwenyekiti hawezi kubisha kwa ajili ya ndugu yake. Nikainua mkono pamoja nao.

Umeandika una madoa ya chai. Tangu lini una chai, wewe mtu wa mjini?

Dada yako,
Ciakuthii


Embu,
4 Mei 2025

Dada mpendwa,

Natumai Pasaka ilikuwa njema na kuna mtu aliyekula sehemu yangu ya kuku. Huku mvua imenyesha mpaka barabara zimekuwa matope matupu, lakini hatulalamiki. Salamu kwa Mutegi na kwa Bloku.

Nilicheka peke yangu niliposoma ulivyoipeleka sheria yetu mkutanoni. Niliwaandikia wenzangu, mmoja yuko Brazili na mwingine hata sijui yuko wapi, nikawaambia kuna kijiji cha kwetu Tigania kimetutangulia kuitumia. Wamefurahi mno. Yetu inaanza wiki ijayo, na silali.

Kuna jambo nililosahau kukuambia. Sheria hii ina udhaifu mmoja. Mtu anaweza kujaza bloku kwa malipo ya uongo, anajitumia mwenyewe huku na huku, ili kikomo kionekane kinahitajika. Kwetu anayefanya hivyo analipa ada kwa kila malipo ya uongo, kwa hivyo mwishowe mfuko wake hukauka. Kwenu, mtu akitaka kulinda mgao wake anaweza kufungua mfereji tu na kumwaga chini, na haumii sana. Tazama hilo. Sheria inajua kilichotumika, haijui kilitumika kwa nini.

Ikishaanza na kutulia, nitapanga safari.

Ndugu yako,
Mugendi


Kianjai,
22 Juni 2025

Mugendi,

Salamu kutoka kwa wote. Nimevuna mbaazi kidogo, nyingine nimeziacha za mbegu. Goti ni lilelile. Kinanda kimepata mchezaji, kijana wa shule ya sekondari, na sasa tunaomba Mungu atupe mwingine.

Sheria yenu inafanya kazi vizuri kuliko tulivyotazamia. Boma la watu wengi limepanda, la mzee na paka limeshuka, na mzee mwenyewe hakugundua. Hakuna aliyenitukana tangu Aprili. Beverlyne amepata nyongeza kidogo, bado anaenda mtoni lakini si kila siku. Anangoja ipande tena.

Mfereji wako bado uko wazi. Nilidhani utapenda kujua.

Wiki iliyopita niliota umekuja na begi lile la bluu ulilokwenda nalo chuo. Uliliweka mlangoni ukaomba maji ya kunawa, nikaenda kukuletea, nikarudi nikakuta begi peke yake. Niliamka nikiwa na hasira na wewe kana kwamba ni kweli. Nina hamu nawe, Mugendi. Nimesema, na sitasema tena mpaka uje. Hukunijibu habari ya chai.

Dada yako,
Ciakuthii


Embu,
13 Julai 2025

Dada,

Natumai goti limepata nafuu. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi.

Kuna neno kwenye barua yako limenikosesha raha. Unasema mfereji wangu bado uko wazi. Haiwezekani. Hakuna anayeishi pale. Kwa sheria mliyoweka, na bila kiwango cha chini, kufikia Juni mgao wake ulipaswa kuwa umeshuka kiasi cha kuonekana. Kama haujashuka, mita inasoma maji. Na kama mita inasoma maji, kuna mtu anayafungua.

Mtu huyo anawacheza. Pengine anataka kiwanja, pengine anauza maji kando. Kumbuka nyongeza ya wengine inatoka kwa kinachopunguzwa, kwa hivyo anayemwaga pale anamwaga maji ya Beverlyne. Wewe ni mwenyekiti. Mtafute, umtaje mkutanoni, umfungie mfereji. Usimwonee haya hata akiwa jamaa. Sheria kama hii ikiachwa ichezewe na mtu mmoja, kila mtu ataanza.

Samahani kama nimeandika kwa ukali. Nimeiona ikitokea kwetu na najua inavyoharibu.

Ndugu yako,
Mugendi


Kianjai,
28 Septemba 2025

Mugendi,

Nimechelewa kukujibu, na mwinjilisti hana kosa. Barua yako ilifika mapema. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro na nikailalia muda wote huu. Bloku ameachishwa maziwa. Jua limetupiga sana. Mengine ya nyumbani ni mazima.

Uliniambia nimtafute anayemwaga. Sikuwa na haja ya kutafuta. Ni mimi.

Tangu tulipoanza, kila asubuhi nikishakamua nilikuwa napita kwenye kiwanja chako. Nafungua mfereji, nasimama hapo maji yakiteremka mtaroni, nikiona yametosha nafunga naenda zangu, na Mutegi akisoma mita anadhani nimenywesha ng'ombe. Sikuosha hata kijiko kwa maji hayo. Ningeyatumia yangekuwa yangu, na mimi nilitaka yawe yako. Wakati mwingine nilikuwa naongea hapo. Nakuambia habari za ndama, nakuuliza kama umekula. Halafu nikitoka barabarani nakutana na Beverlyne na mitungi yake, namsalimia, naye ananiitikia vizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma, na bado kesho yake nilirudi.

Aliyenigundua ni mbuzi. Agosti yote hapa palikuwa pakavu, lakini kwako majani yalikuwa mabichi, marefu. Mbuzi wa Muthamia akawa anakata kamba kila wakati kwenda huko. Asubuhi moja Muthamia akamfuata, akanikuta na mkono kwenye mfereji. Alivua kofia, akaivaa tena, akamvuta mbuzi akaondoka. Ningependelea anitukane.

Niliita mkutano mwenyewe, nikasimama nikasema. Beverlyne alikuwa ameketi mbele, mtoto mmoja mapajani. Hakunifokea. Aliniuliza, "Mama mwenyekiti, kwani huyo ndugu yako anarudi lini?"

Nikamkabidhi Mutegi daftari la mkutano. Nimeacha uenyekiti siku hiyohiyo, Mutegi anashikilia. Mfereji hawajaugusa. Wamesema ni kazi ya mikono ya baba, kwa hivyo watangoja neno lako.

Basi nipe neno. Utajenga hapa au hutajenga? Usiniandikie habari za programu.

Ciakuthii


Kanja,
19 Oktoba 2025

Dada,

Tazama hapo juu nimeandika Kanja. Barua zangu zote zimetoka Kanja, kijijini, nje ya mji. Nilikuwa nazipeleka posta ya Embu ili muhuri uwe wa mjini.

Naishi hapa na mke wangu, Carol. Mama yake alitupa pembe ya shamba lake, tukajenga nyumba ya mbao juu kidogo ya chai. Asubuhi nachuma chai pamoja nao kabla sijawasha kompyuta. Madoa uliyoyauliza ni hayo. Nimejenga kwa mama mkwe, dada, na sijapeleka hata mbuzi mmoja wa mahari. Unajua mwanamume wa kwetu akifanya hivyo anaitwaje. Wa kuniongozea wazee kwenda kwao ni wewe, hatuna mwingine, na nikikuita ningelazimika kukueleza yote. Kwa hivyo nikasema Pasaka haiwezekani, nikasema baada ya Mei. Mei ilikuja, sheria ikaanza kufanya kazi, na tangu hapo haijanihitaji hata siku moja. Hakuna kilichonizuia kuja isipokuwa mimi.

Tuna mtoto. Ni msichana, anatembea na kuvuta kila kitu mezani. Anaitwa Karwirwa. Nilimpa jina la mama inavyotakiwa, halafu nikamficha mtu ambaye angefurahi kuliko wote. Barua yako ilipofika nilimbeba nikatoka naye nje kwa sababu sikutaka Carol anione ninavyolia. Akanishika pua.

Sitajenga Kianjai. Sitaki kukudanganya tena. Waambie wauache ushuke, Mutegi ampe Beverlyne hayo maji. Nilikuandikia kwa ukali juu ya mtu anayemwaga, na kumbe mtu huyo alikuwa ananiuliza kama nimekula. Nilijua kila kitu kuhusu ile sheria, na sikufikiria kwamba mfereji wa kwanza kushuka ungekuwa wangu, wala nani angesimama pale kuushikilia.

Nina hamu nawe mpaka hamu ya kugombezwa. Ukiona vyema usinijibu, nitaelewa. Lakini nitakuwa nikipita posta.

Mugendi


Kianjai,
16 Novemba 2025

Baba Karwirwa,

Mvua imekuja. Tumepanda. Bloku ana afya na kiburi.

Nimekukasirikia, na usifikiri imeisha. Niliposoma jina la mama niliketi jikoni na moto ukazimika nikiuangalia. Miezi yote hiyo nimesimama kwenye majani nikiongea na mfereji, na mama anatembea Kanja anavuta vitu mezani. Ungeniambia ningekuja kwa miguu, na goti hili. Nani alikuambia mimi ninataka nyumba? Nilikuwa nataka nijue uko wapi.

Mwambie mama yake Carol namsalimu, na asidhani kwetu hakuna watu. Januari tutakuja kubisha hodi inavyofaa. Mzee Muthamia ameshakubali kuwa msemaji. Ameanza kuulizia watu wa Embu wanapenda mbuzi wa rangi gani, na anataka kumpeleka yule mla majani yako, sijui kama ni heshima au ni kisasi.

Mkutanoni nilisema wewe mwenyewe umejenga kwingine na umeachilia. Hawakupiga makofi. Jioni Beverlyne alikuja kwangu na fungu la sukuma wiki, akakaa kidogo. Wamekubaliana mfereji usifungwe kwa nguvu wala mtu asiumwage. Sheria ifanye kazi yake yenyewe, na kinachopungua kila wiki kimwendee yeye.

Jana nilikwenda na Mutegi kusoma mita. Mgao wako umeanza kushuka. Nikamwambia anihesabie mpaka mwisho wa mwaka, naye akahesabu, nikamwambia arudie. Umeifanya hiyo sheria iende polepole sana, Mugendi, hata kwa mfereji usio na mtu. Mkija Krismasi, bado kutakuwa na maji ya kumwogesha mtoto.

Shangazi yake,
Ciakuthii